Waliotoka kwa Ombi la Familia

Kilichoninyima usingizi majuma yale hakikuwa ugonjwa wa Koko, mama wa mama yangu, peke yake. Kilikuwa pia herufi tatu: S.S.D.

Nilizikuta kwenye madaftari ya hospitali moja ya mtaa wa Makiso, ng'ambo ya mto kutoka kwetu Lubunga, nilipokuwa nikikusanya habari za kazi yangu ya kumaliza masomo ya afya ya umma. Kazi ilihusu wazee waliovuja damu ndani ya ubongo: nini kiliwaweka hatarini, na mwisho wao ulikuwa upi. Kila ukurasa wa daftari ulikuwa na safu ya mwisho, nyembamba, ambamo muuguzi aliandika matokeo kwa neno moja: amepona, amepata nafuu, amehamishwa, amekufa. Na hapa na pale, kwa wino uleule, S.S.D. Ni kifupi cha Kifaransa, sorti sur demande, yaani ametoka kwa ombi. Daktari hakumruhusu. Familia ndiyo iliyoomba kumchukua, na mkubwa wa familia akatia sahihi.

Kompyuta yangu ilitaka kila mgonjwa awe upande mmoja kati ya pande mbili: hai au marehemu, siku ya kutoka hospitalini. Wale wa S.S.D. walitoka wakipumua. Nikawaweka upande wa walio hai. Ninakumbuka kidole changu kilisita, nikajiambia nitalirudia jambo hili. Sikulirudia. Mimi ni mtu anayerudi mara tatu kuangalia kama amefunga mlango, anayeandika ujumbe wa maneno manne kwenye simu na kuufuta mara tano. Lakini pale, mahali pekee ambapo kurudi kungefaa, nilipita.

Matokeo yake, jedwali langu lilionyesha kwamba kati ya waliobaki mikononi mwa madaktari, wengi walikufa. Kati ya waliochukuliwa na familia, hakufa hata mmoja. Chini yake niliandika kwamba wagonjwa waliotoka kwa ombi la familia walikuwa na hali bora zaidi wakati wa kutoka. Sentensi hiyo haikuwa ya uongo. Ila ukweli wake wote ulikaa kwenye maneno matatu ya mwisho, na mtu anayesikiliza hotuba ndefu siku ya joto hasikilizi maneno matatu ya mwisho.

Siku ya kutetea kazi hiyo, walimu waliniuliza mengi juu ya umri na chumvi. Mstari ule hawakuugusa. Familia yangu ilikaa safu ya nyuma: mama yangu, Tonton ambaye ni kaka yake mkubwa na anauza vipuri vya baiskeli mjini, na Koko, mama yao, aliyejifunga liputa, kitenge kipya kilichokuwa bado kinanuka duka. Nilipomaliza, Tonton alipiga makofi kabla ya wakati wake. Tulivuka mto kurudi Lubunga, tukala kuku na lituma, ndizi za kutwanga, na kuanzia siku hiyo nikaitwa Docta, ingawa sijawahi kumchoma mtu sindano.

Koko alikuwa na tension. Kwetu ndivyo tunavyoita ugonjwa wa damu kusukuma kwa nguvu kupita kiasi, na alikuwa nao kabla sijazaliwa. Kosa lake lilikuwa lile ambalo nililikuta kwa karibu kila familia niliyoihoji. Pale mitumbwi inapoegeshwa palikuwa na kijana mwenye mashine ya kupima, amekaa chini ya mwavuli. Koko akipita kwenda sokoni anapimwa. Namba ikiwa kubwa, anameza dawa siku mbili tatu. Namba ikishuka, anaacha, na vidonge vilivyobaki anamgawia jirani anayeumwa kichwa.

"Koko," nilimwambia mara nyingi, "imeshuka kwa sababu ulikunywa dawa. Ukiacha itapanda tena. Dawa ya tension iko ya kila siku, sawa chakula."

"Chakula ya kila siku iko wapi?" alijibu, akacheka mpaka akakohoa.

"Na makayabu upunguze. Ile samaki iko na chumvi mingi."

"Bon, uandike kwa kitabu yako: koko yangu alikufa na makayabu kwa kinywa. Ma-professeur watakupa points."

Nilicheka. Niliandika kazi nzima juu ya watu kama yeye, na nilicheka.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Koko alikuwa anatwanga ndizi za lituma uani, mimi nafua. Sauti ya mchi ilikatika. Nilipoinua macho nilimwona amesimama, ameshika kichwa kwa mkono wa kushoto, mchi umelala chini. Alisema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa zaidi ya kuumia, "Nani amenipiga?" Kisha akatapika, mguu wa kulia ukamwacha, akakaa chini kama mtu anayeshuka ngazi ambayo haipo.

Nilijua ni nini. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi: maumivu ya ghafla, kutapika, upande mmoja kulegea. Nilimlaza kwa ubavu asipaliwe, nikamwita Mama. Jirani alikuja mbio na kidonge cha aspirini mkononi, kwa moyo mzuri kabisa, nikamzuia kwa ukali ambao bado namwomba radhi kila tunapoonana. Kidonge hicho hufanya damu ichelewe kuganda, na tulikuwa hatujajua kama mshipa umeziba au umepasuka.

Tulivuka kwa mtumbwi wa mota. Kichwa chake kilikuwa kwenye mapaja yangu na maji ya mto Kongo yalikuwa mazito, rangi ya chai. Ng'ambo, mwendesha pikipiki mmoja alimpakia katikati yake na Mama, mimi nikafuata na nyingine. Picha ya kichwa ilipopigwa, daktari, mwanamke kijana aliyeongea polepole, alituonyesha doa upande wa kushoto. Kwenye picha ile damu huwa nyeupe.

"Damu haiko mingi sana," alisema, "lakini iko ndani. Hatutapasua. Tutashusha tension polepole, kichwa kikae juu kidogo, na hapana kumupa kitu kwa kinywa. Koo lake limelegea. Tutamulisha kwa mrija. Hizi siku za kwanza njo zinaamua."

Mama aliniangalia mimi, si daktari. "Atapona?"

Ningeweza kumtajia yote yaliyokuwa kwenye kazi yangu: umri, miaka ya tension isiyotibiwa, ukubwa wa doa, kama mgonjwa anafungua macho akiitwa. Nikasema, "Tungoje."

Siku ya nne, Alhamisi, Koko alifungua jicho moja. Hakuongea. Mkono wa kulia ulikuwa pale ulipowekwa. Mchana huo Tonton alituita, Mama na mimi, chini ya paa la mabati nyuma ya hospitali, pale wanaowauguza wagonjwa wao wanapopikia. Alikuwa amevaa shati la kazini lenye grisi kwenye mkono, na alisimama huku sisi tumekaa.

"Jumamosi asubuhi tunamutosha hapa, tunamurudisha kwetu," alisema. "Nimesema na mwenye mtumbwi. Anakuja saa mbili."

Mama alishika mdomo. Mimi niliuliza, "Daktari amekubali?"

"Daktari hakumuzaa." Kisha akaongea kama mtu anayejitetea. "Mulisahau papa? Papa alifia huku. Toka asubuhi mpaka jua kali tulikaa na yeye kwa ukingo ya mto, ndani ya shuka. Mwenye mtumbwi huyu anasema mtumbwi yake inabeba mihogo. Ule anasema bibi yake iko na mimba, hawezi kubeba maiti. Watu wanapita na vikapu, wanaruka miguu ya papa yangu. Niliapa pale. Mama yangu atavuka akiwa mutu."

Mama alikuwa analia bila sauti. Mimi sikuwa nimezaliwa siku hiyo, lakini kila mtu nyumbani anaijua, kama vile kila mtu anavyojua kwamba Tonton hapiti kwenye ukingo ule bila kuharakisha.

"Tena," aliendelea, na sasa akanigeukia na uso ukalainika, "si wewe mwenyewe ulisema? Mbele ya ma-professeur. Wale wenye walibaki hapa, wengi walikufa. Wale wenye familia iliwatosha, walikuwa hai. Wote! Mimi niliskia vizuri, na nilipiga makofi. Kwa duka nimeambia watu wote: nièce yangu, mutoto ya dada, aligundua kitu yenye ma-docteur hawataki kusema."

Nilifungua mdomo.

"Tonton, ile ni..."

"Ile ni nini?"

"Ni... kwa ujumla."

"Voilà," alisema, akamgeukia dada yake. "Kwa ujumla."

Na mimi nikanyamaza. Ninaandika hili kwa sababu ningependa kusema kwamba sikupata nafasi. Nafasi ilikuwepo. Tonton alikaa, akachukua kipande cha muhogo kutoka sufuria ya Mama, akakitafuna chote na kukimeza, na muda wote huo nafasi ilikuwepo.

Kichwa changu kilifanya kazi yake ya kawaida. Nikisema jedwali lina kosa, Koko akabaki, kisha akafia huku, maiti yake italala ukingoni kwa sababu yangu. Nikinyamaza, atabebwa hadi Lubunga, mtu mwenye upendo atampa maji, na koo lile halitajua kuyapeleka wapi. Na palikuwa na woga wa tatu, mdogo na wa aibu, ambao nilijaribu kuuficha nyuma ya ile miwili. Nilikuwa nimeomba ajira kwa kutumia kazi ile ile ya masomo. Nilikuwa Docta. Mtu akisikia kwamba Docta alihesabu wafu kama wazima, ataniita nani?

Kisha nikaanza kujihoji upande mwingine. Huenda Tonton ana haki. Huenda wale wa S.S.D. kweli waliishi. Nilijua nini? Sikuwa nimemfuata hata mmoja.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa muuguzi anayetunza daftari. Ni mzee mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Tulikuwa tumezoeana wakati ule nilipokuwa nakaa kwenye kona ya ofisi yake nikinakili.

"Docta! Umerudi kuhesabu tena?"

"Papa, nina swali moja. Hawa wa S.S.D., wanaenda wapi?"

Alinitazama juu ya miwani. "Nyumbani."

"Na kisha?"

"Na kisha daftari inafungwa." Alipiga jalada kwa kiganja. "Sikia, mwanangu. Kuna wenye wanatoka sababu wamechoka. Kuna wenye wanaenda kwa maombi. Na kuna wenye wanatoka sababu familia imeona hakuna tena kitu. Wote hao mimi ninaandika kifupi moja. Daftari haina nafasi ya kuandika sababu. Mara moja nilienda kwa matanga kwa jirani yangu, ninaangalia picha ya marehemu: huyu! Juzi nilimuandika S.S.D." Akavuta pumzi. "Wewe uliwaweka wapi?"

Nilitazama jalada la daftari lake, na nadhani alielewa, kwa sababu alianza kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mbele yake.

Kwenye daftari langu dogo nilikuwa na familia mbili za S.S.D. ambazo nilizihoji mwenyewe kando ya kitanda, kabla hazijaondoka. Nilikumbuka avenyu zao. Nikapanda toleka, baiskeli ya abiria, mpaka wilaya ya Kisangani, nikiwa nimekaa nyuma ya kijana aliyepiga mluzi njia nzima, na nikauliza nyumba kwa nyumba.

Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja anayekaanga mikate mbele ya mlango wake. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mzee mpole ambaye hata akiwa amelala hospitalini vidole vya mkono wake mzima vilikuwa vinapapasa pindo la shuka. Mama huyo alinitambua mara moja.

"Wewe ya maswali! Kaa." Akanisogezea kigoda. "Papa? Hawakukuambia? Tulifika na yeye saa kumi. Alionyesha kinywa, iko na kiu. Mimi mwenyewe nilimupa maji na kijiko. Kidogo, kidogo. Akakohoa. Nikamupa tena, nilifikiri koo imekauka. Alikohoa mpaka asubuhi, kifua ikaanza kuchemka." Aligeuza mikate kwenye mafuta, mmoja mmoja, kwa uangalifu mkubwa. "Siku ya tatu akatuacha."

Nilisema pole. Ni neno dogo sana.

"Na kwa kitabu yako," aliuliza, "ulimuandika je?"

Ningeweza kusema chochote. Nikasema, "Nilimuandika yuko hai."

Mwiko ulisimama. Nilingoja matusi, na ningeyapokea. Badala yake alicheka kidogo, machozi yakiwa tayari yamemfikia. "Basi kuna pahali moja papa anaishi. Umuache hapo, hatusumbui."

Alinifungia mikate miwili kwenye karatasi na akakataa nilipe.

Ningerudi hapo hapo, ningekuwa na jibu kamili: waliotoka walikufa. Lakini nilikuwa na nyumba ya pili, na mimi siwezi kuacha nusu ya orodha. Nilimkuta bibi aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, si picha yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja umelala kama wa mtu mwingine, na kwa mkono wa pili anabambua karanga. Mdomo ulikuwa umepinda. Ulimi ulikuwa mzito lakini haukuwa umepoteza ukali.

"Wewe njo uliniuliza kama ninavuta tumbaku?"

"Ndiyo, koko."

"Umeleta?"

Mwanawe, mwanaume wa makamo aliyekuwa anarekebisha redio, aliniambia kwamba walimtoa siku ya kumi na sita. Alikuwa ameanza kula uji mwenyewe, akatukana wauguzi wote mmoja mmoja, akadai arudi kwake. "Alitukana mpaka tukaona aibu," alisema. "Tukatia sahihi."

Nikarudi kwa miguu. Njia nzima nilijaribu kutengeneza sentensi moja ambayo ningeipeleka kwa Tonton, na kila sentensi ilivunjika. Waliotoka walikufa: si kweli. Waliotoka waliishi: si kweli. Fundi cherehani na bibi wa karanga walikuwa wameandikwa kwa herufi zilezile tatu, nikawaweka sanduku moja, na kilichowatenganisha, yaani kama koo linameza au halimezi, hakikuwa na safu kwenye daftari wala kwenye jedwali langu. Kitu pekee nilichoweza kusema kwa uhakika kilikuwa kwamba kazi yangu haikujua. Na ni vigumu kwa mtu aliyeitwa Docta kwa miezi mitatu kusimama mbele ya mkubwa wake na kumwambia, sijui.

Jumamosi Tonton alifika mapema, safari hii kwa suti, ileile ya siku ya utetezi wangu. Alikuwa amevaa ili kumvusha mama yake kwa heshima. Alikuwa na fomu ya kutoka mkononi na kalamu mfukoni. Tulikuwa wanne kwenye korido mbele ya chumba: yeye, Mama, mimi, na yule muuguzi wa daftari aliyekaa nyuma ya meza yake akingoja sahihi. Kupitia mlango nilimwona Koko, jicho moja wazi, linatazama dari.

Tonton aliinama kuandika.

"Tonton, ngoja," nilisema. "Nilikosea."

"Ulikosea nini?"

"Kwa mémoire, ile kazi yangu ya chuo. Ile table. Wale wa kutoka, niliandika wako hai sababu walitoka hapa wanapumua. Sikuenda kuangalia nyuma. Sikujua kama walifika jioni."

Alinyooka polepole. "Ulisema mbele ya ma-professeur."

"Nilisema. Na wao hawakuona. Mimi niliona, na nilinyamaza. Juzi kwa paa uliniuliza, na nilinyamaza tena."

"Donc watu wote kwa duka, nimewaambia uongo?"

"Mimi njo nilikuambia vibaya."

"Na kuku yenye tulikula? Ilikuwa ya nini?"

"Kuku ilikuwa ya kweli, Tonton. Table njo ilikuwa na kosa."

Muuguzi alikohoa akainamisha kichwa. Mama, ambaye hajawahi kumkatiza kaka yake mbele yangu, alisema, "Kaka, umuache aseme."

Nikasema. Nilimweleza kijiko cha maji cha yule mama wa mikate. Nilimweleza pia bibi wa karanga, kwa sababu kama ningemficha huyo ningekuwa nafanya kosa lilelile kwa upande mwingine. Tonton alisikiliza hadi mwisho.

"Mumoja alikufa, mumoja iko anatukana watu," alisema. "Alors wewe unajua nini?"

"Ninajua kitu moja tu. Yule bibi alitoka anakula uji. Koko hawezi kumeza. Kwetu hakuna mrija, na wote tunamupenda. Mutu atamupa maji. Labda Mama, labda mimi."

"Na akifia huku?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake tangu mwanzo. Mambo ya jedwali aliyaokota tu njiani ili yamsaidie kulibeba. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba anaweza kufa, huku au kule.

"Akifia huku, mimi njo nitamuvusha," nilisema. "Si wewe. Nitaongea na wenye mitumbwi mimi mwenyewe, leo, mbele, ili tujue nani atakubali. Na kama wakikataa, mimi njo nitakaa na yeye kwa ukingo. Hutarudi pale."

"Mutoto mwanamuke?"

"Mutoto mwanamuke mwenye alifanya kosa."

Nilidhani atanipiga, au atalia. Kisha akageuza ile fomu upande wa nyuma, mweupe, akaiweka mezani na kunipa kalamu yake.

"Andika. Wewe unapenda kuandika."

Tangu hapo mambo mengine yamefuata. Barua ya kusahihisha jedwali niliipeleka chuoni juma lililofuata, na baada ya korido ile kuandika barua lilikuwa jambo jepesi. Koko alikaa hospitalini siku nyingi, akajifunza kumeza uji kijiko kwa kijiko mbele ya daktari, na alivuka akiwa mtu, amekaa wima kwenye mtumbwi kati ya watoto wake wawili. Mkono wa kulia haukurudi. Maneno yaliyorudi ni machache, na dawa yake naipeleka kila asubuhi mwenyewe na kungoja aimeze. Najua mgonjwa mmoja si ushahidi. Angeweza kufa, na bado ningekuwa nimesema kilichopaswa kusemwa.

Lakini asubuhi ile hakuna hata moja kati ya haya tulilolijua. Niliandika mistari mitatu: kwamba mgonjwa anabaki, kwamba kazi yangu ilikuwa na kosa na isitumiwe kumtoa, kwamba akifariki upande huu wa mto, mimi mjukuu wake ndiye nitakayemvusha. Kwa mara ya kwanza sikufuta neno. Nikatia sahihi. Tonton alisoma midomo yake ikicheza, akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, kisha akatoka kwenda kumwambia mwenye mtumbwi asiendelee kungoja. Mimi nikaenda kunawa mikono, kwa sababu saa ya kumgeuza Koko kitandani ilikuwa imefika.